Mji wa Bibi Mfaransa, Mlima wa Mama

Kuna mji mmoja wa Ufaransa ninaoujua kuliko mlima nilikozaliwa, na sijawahi kuukanyaga. Nalijua daraja lake la mawe lenye matao matatu, na najua kwamba tao la kati ni jipya, kwa sababu la zamani lililipuliwa wakati wa vita ili Wajerumani wasivuke. Wakavuka hata hivyo. Nalijua soko lake lenye paa la vigae na nguzo za mbao nene kuliko mtu. Nalijua kanisa lake lenye minara miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Ukinishusha leo kwenye stesheni ya treni ya mji huo nitafika kanisani bila kumuuliza mtu njia. Ukinishusha chini ya mlima wa kwetu, kule Burundi, nitasimama kando ya barabara nimeduwaa kama mtalii. Jambo hilo liliniudhi tangu siku nilipoligundua, na ninaliandika nikiwa bado nimeudhika.

Kifaransa nilifundishwa kambini, mkoani Kigoma. Tulikuwa ndani ya Tanzania, na nje ya kambi kila mtu alizungumza Kiswahili, lakini shule yetu ilifuata mtaala wa Burundi, maana wakubwa walishaamua kwamba tutarudi. Basi tukafundishwa lugha ya kurudia. Mwalimu alikuwa na kitabu kimoja kwa darasa zima, kimechakaa, na ndani yake kulikuwa na picha ya mji: kanisa, ofisi ya meya, duka la mikate, daraja. Tulisimama tukayaimba majina ya majengo hayo kwa sauti moja, huku juu yetu kuna turubai la bluu na chini yetu vumbi jekundu. Hatukurudi. Kambi ilifungwa na nyumba zetu za udongo zikabomolewa, sisi wakati huo tumeshaletwa Australia. Nikafika Sydney na Kifaransa changu kamili, na hapakuwa na hata mtu mmoja wa kukizungumza naye.

Tulipanga fleti Villawood, ghorofa ya chini, nyuma ya mtaa wa magereji na maghala. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na binti yangu ambaye anaelewa Kirundi na Kiswahili chote tunachomsemesha lakini anajibu kwa Kiingereza. Kazi nilipata Quakers Hill, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Huko Waafrika tumejaa. Wakenya wengi ni manesi wenye vyeti vyao, na sisi Warundi ndio tunaoinua, tunaoogesha na kulisha. Sisemi kwa kulalamika, ingawa naweza kulalamika vizuri tu nikianza.

Bibi Mfaransa alikuwa chumba cha mwisho. Aliolewa na Mwaustralia akiwa msichana, akaja naye huku, akaishi hapa karibu maisha yake yote na kumzika mumewe hapa hapa. Ugonjwa wa kusahau ulipomwingia, kitu cha kwanza kilichomtoka kilikuwa Kiingereza. Mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, alikuja kila Jumapili akaketi mbele ya mama yake, mama akamweleza mambo marefu kwa lugha ambayo hakuwahi kumfundisha. Mwanawe aliitikia kwa kichwa, akasema “Yes, Mum,” kisha akaenda kukaa ndani ya gari lake muda mrefu kabla ya kuliwasha.

Kila alasiri baada ya chai bibi huyo alivaa koti, akachukua mkoba, akasimama kwenye mlango wa mbele. Mlango ule hufunguka kwa kubonyeza namba za siri. Aligonga kioo, akawapungia mkono wapita njia, na asipojibiwa alilia. Siku moja msimamizi wetu, dada Mkenya asiyependa kelele, aliniita.

“Wewe si ulisoma French? Hebu kuja ukae na huyu mathee kidogo. Ametusumbua since lunch.”

“Nikae naye nimwambie nini?”

“Chochote. Daktari akikuja ataongeza dawa tu, na hiyo dawa ikishamlaza hivyo, harudi the same. Jaribu tu, dada.”

Nikaenda. Nilimuuliza kwa Kifaransa changu cha kitabu anakwenda wapi. Akageuka akanitazama usoni, akanishika mkono kwa nguvu iliyonishtua, akaniambia anakwenda nyumbani na kwamba amechelewa. Katika kazi hii tumefundishwa tusibishane na mgonjwa. Usimwambie nyumbani ni hapa. Ukimwambia hivyo umemfungia mlango mara ya pili. Nikamwambia twende, lakini anionyeshe njia, mimi ni mgeni.

Korido ya nyumba ile ina umbo la mraba, ukianzia mlangoni unazunguka unarudi pale pale. Tulipofika kwenye tangi la samaki alisimama akashika ukingo wake, na hapo ndipo nilipoambiwa habari za daraja na baruti. Mto ulinuka, alisema, kwa sababu ya viwanda vya ngozi vilivyokuwa juu yake, na maji yalibadilika rangi kufuatana na ngozi walizokuwa wakitia dawa siku hiyo. Mbele kidogo kulikuwa na chumba cha kufulia, mashine zinanguruma ndani. Hapo alinivuta sikio akaninong'oneza. Pale ni mahali pa wanawake kufulia kando ya mto, wanapiga magoti ndani ya visanduku vya mbao vilivyotandikwa majani makavu, na nisiwasalimie kwa urafiki mno maana wana midomo. Ukumbi wa kulia chakula ulikuwa soko. Chungu kikubwa cha maua kilichokuwa karibu na lifti kilikuwa jukwaa la sanamu lisilo na sanamu. Jenerali wa shaba aliyesimama pale aling'olewa na Wajerumani wakamyeyusha, na baada ya vita watu wa mji wakashindwa kukubaliana wamweke nani, wakaliacha tupu. Kuhusu ule mnara mfupi wa kanisa, alisema zamani watu walikasirika na mfalme wao wakaenda kuubomoa, wakachoka katikati wakaenda kunywa. Aliyasema hayo bila kucheka.

Mahali alipokaa muda mrefu zaidi ni kwenye ubao wa matangazo, ule unaobandikwa picha za wazee wenye siku ya kuzaliwa mwezi huo. Kwake ule ulikuwa mnara wa vijana wa mji waliokufa vitani, waliochongwa majina yao kwenye jiwe mbele ya ofisi ya meya. Aliyataja majina kwa kichwa, ukoo kwa ukoo, ndugu watatu wa familia moja ya waoka mikate, mwalimu wa shule, mtoto wa mpiga kengele. Hivyo vilikuwa vita vya kwanza, yeye alikuwa hajazaliwa walipokufa. Aliyajua kwa sababu aliyasoma kila siku akienda shule. Tukafika chumbani kwake, akasukuma mlango, akavua koti, akasema tumefika, akalala usingizi wa mtu aliyetembea mbali.

Kuanzia siku hiyo alasiri ilikuwa yangu. Nilivimba kichwa, sikatai. Wenzangu walisema nina kipaji. Dawa hazikuongezwa. Nikiwa ndani ya treni kurudi Villawood nilijikuta nakumbuka mji ule, napita daraja, napinda kushoto kwenye soko.

Kisha mama akaanza.

Alianza kidogo kidogo: chumvi ndani ya chai, kiatu ndani ya friji. Alimwita binti yangu kwa jina ambalo sikuwahi kulisikia. Halafu ikaja alasiri. Nilikuwa jikoni siku yangu ya mapumziko, binti yangu akapita na kusema, “Mum, Grandma's at the door.” Nikamkuta mama amejifunga vitenge viwili, ameshika fuko la nguo, uso umeelekea mlango.

“Ndashaka gutaha,” alisema. Nataka kwenda nyumbani.

Nitasema ukweli, moyo haukunishtuka. Nilijiambia kazi hii naijua. Nikavaa viatu, nikamwambia, “Twende, mama, nionyeshe njia.” Tukatoka mpaka kwenye geti la fleti. Hapo akasimama akanigeukia.

“Tunapitia kwa nani?”

Inabidi nieleze. Kwetu hakuna vijiji wala miji ya aina ile ya bibi. Kuna mlima, na juu yake maboma yametawanyika, kila mtu na migomba yake. Hakuna mtaa, hakuna mnara, na kanisa lenyewe lilikuwa mbali. Njia inaelekezwa kwa watu. Unashuka kwa fulani, unavuka chini ya kwa mjane fulani, unapandia kwa yule anayetengeneza majembe, ukifika kwa fulani uliza. Mtu ndiye kona, mtu ndiye daraja. Na hao watu wote, siku ile tulipokimbia, ama walikufa ama walitawanyika. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliobaki kule chini ya udongo. Mimi nilitoka mlimani nikiwa mgongoni mwa mama, bado naachishwa ziwa. Mama alipenda kunisifu kwamba sikulia, kwamba macho yangu yalikuwa wazi njia nzima. Yalikuwa wazi, ndiyo, lakini yalikuwa yanatazama shingo yake.

Na mama hakutaja majina ya wafu. Wengi waliokuja kambini na watoto wadogo walifanya hivyo. Walikubaliana bila kukaa kikao kwamba watoto wasiambiwe nani alikuwa nani, nani alimuua nani, ili wasikue na sumu. Nilipouliza nikiwa mdogo nilipigwa kofi, na nilipouliza nikiwa mkubwa mama alinyanyuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilimheshimu kwa hilo. Niliona ni ushujaa. Haikunijia akilini kwamba alipowanyamazia wale watu aliinyamazia na njia yenyewe, kwa kuwa njia ilikuwa ni wao.

Kwa hiyo pale getini nilimrudishia swali. “Wewe unapenda tupitie kwa nani?” Alifungua kinywa. Nilimwona akitafuta. Uso wake ulikunjamana, na hakuna hata jina moja lililokuja. Alikuwa ameyafungia ndani vizuri mno. Akaniangalia mimi nimsaidie, nami sikuwa na kitu. Akaanza kulia kwa sauti ya chini, tukarudi ndani.

Nilitafuta. Nilifungua ramani ya simu nikauandika ule mji wa bibi, ukaja wote: daraja, soko, hata jukwaa la sanamu, ambalo sasa limewekwa maua. Nikautafuta mlima wa mama. Nikaona kijani. Nilikikuza mpaka kikawa madoa, na kilikuwa kijani tu. Nilikwenda Liverpool, ile ya huku huku Sydney, kwenye ukumbi ambao Warundi hukodi Jumapili kwa ibada, nikamuuliza mama mmoja mzee wa tarafa ile ile ya kwetu.

“Ile mlima nilikuwa napita tu chini, kwa barabara,” alisema. “Watu ya kule walimalizika, ama walikimbia. Hakuna mwenye atakuambia.”

“Mama anataka kujua anapitia kwa nani.”

Alinishika bega. “Mwambie anapitia kwa Yesu. Vraiment, kweli, mwanangu, hiyo ingine acha.”

Nilimjibu kwa adabu, lakini nilitoka nimefura. Yesu angenipa jirani mmoja tu wa mama ningemshukuru.

Bibi Mfaransa alikufa wakati huo huo, akiwa usingizini, koti lake limetundikwa mlangoni. Mwanawe alipokuja kuchukua vitu aliniomba, kama siyo usumbufu, nimweleze mama yake alikuwa akisema nini wakati wote ule. Sikumweleza. Nilimtembeza. Tulianzia mlango wa mbele, nikamwonyesha mto na harufu yake, wanawake wenye midomo, soko, jenerali aliyeyeyushwa. Kwenye ubao nilimtajia wale ndugu watatu waoka mikate. Tulipofika mlango wa chumba mwanaume yule aliegemea ukuta akalia, akanishukuru, akasema atakwenda mwaka huu huu kuuona. Nilimwonea wivu. Mama yake amekufa, na yeye amepewa njia. Wangu yu hai, na mimi sina.

Juma lile lile mama alitoka peke yake. Binti yangu alikuwa shule, mimi nilikuwa kazini. Dereva wa lori alimkuta katikati ya barabara ya maghala, fuko mkononi, akiwauliza madereva kwa Kirundi wamwambie apitie kwa nani. Lori lilisimama karibu naye kiasi kwamba kitenge kilishika vumbi la bampa. Daktari alikuwa mpole. Alisema likitokea tena itabidi atafutiwe nyumba yenye milango ya kufungwa, kwa usalama wake. Milango hiyo naijua, mimi ndiye ninayebonyeza namba. Najua jinsi anayegonga kioo anavyoonekana ukiwa ndani na ukiwa nje. Na huko hakutakuwa na Mrundi wa kumuuliza anakwenda wapi. Atapewa dawa ya kumlaza, na hatarudi vile vile. Yote yalining'inia kwenye jambo hilo moja: kumfikisha mama nyumbani, kila alasiri, kama nilivyomfikisha yule.

Ndipo nikampa mji wa mtu mwingine.

Ilikuwa alasiri yenye jua. Mama alisimama mlangoni na fuko lake. Nikamshika mkono, nikamwambia njia naijua, leo mimi ndiye naongoza. Alifurahi. Sikuwa nimemwona akifurahi hivyo kwa muda mrefu. Tukazunguka uwanja wa fleti zetu, penye kamba za kuanikia nguo na mapipa ya taka, na mimi nikimweleza kwa Kirundi.

“Hapa tunavuka daraja, mama. Daraja la mawe.”

“La kwa nani?”

“Ni daraja tu. Lina matao matatu.”

“Chini yake anakaa nani?”

Nikasema anakaa mtengeneza ngozi. Akauliza ana watoto wangapi, mkewe anatoka mlima gani, na mimi nikasema sijui, nadhani ni mgeni. Tukafika kwenye kamba za nguo, nikasema hapa ndipo wanawake wanapofulia. Alitazama shati moja la jirani likipepea.

“Wako wapi?”

“Wameshamaliza. Wamekwenda nyumbani.”

“Wote?”

“Wote, mama.”

Nilimwonyesha soko. Aliuliza wauzaji wako wapi. Nilimwonyesha kanisa na minara yake, na nilijikuta nasema haraka haraka, nimeshika mkono wake kwa nguvu, naeleza habari za mfalme na watu waliochoka, kama mtembeza watalii anayeogopa kundi lisimkimbie. Kwa bibi yule mawe yalitosha. Kwa mama nilikuwa nikijenga na kujenga, na kila nilichosimamisha aliingia ndani akatafuta mtu akakosa. Nikataka kutaja vijana wa kwenye mnara wa vita, angalau hao wana majina. Nikaona aibu, nikaacha.

Karibu na mapipa kuna ukuta mfupi. Mama alikaa hapo, akaweka fuko mapajani. Safari hii hakulia. Aliniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtoto wa watu aliyetumwa mahali asipopajua.

“Binti,” alisema, “wewe una roho nzuri. Lakini umenileta mahali pasipo na watu.”

Nilimwambia, “Mama, ni mimi.”

“Najua umechoka. Usijali.” Alinipigapiga goti. “Mimi ninaye mtoto wangu. Nilimbeba mgongoni siku ile, hakulia, macho yalikuwa wazi njia nzima. Mpigie aje anichukue. Yeye njia anaijua.”

Watu wa ghorofa ya pili walikuwa wanakaanga vitunguu. Nilitoa simu mfukoni, nikaiweka sikioni, nikaongea kidogo na hewa. Nikamwambia yuko njiani. Tukakaa pale ukutani tukimsubiri.